KUZURU JIJI LA MWANZA KWA GHARAMA NAFUU
Maelezo kwa watumishi na wakazi wa Kata ya Goziba

Jiji la Mwanza ni jirani mkubwa wa visiwa vya Wilaya ya Muleba. Huendewa kwa biashara, kwa matibabu, na kwa mapumziko kwenye fukwe na masoko yake yasiyolala. Hata hivyo, wapo wanaorejea kisiwani mifuko ikiwa mitupu, si kwa sababu Jiji ni ghali mno, bali kwa sababu safari haikupangwa. Maelezo haya yanaonyesha mahali panapofaa kupunguza gharama, na mahali ambapo kupunguza hakufai kabisa.

Wakati wa kusafiri
Siku za mbalamwezi dagaa hawavutwi na taa, na kambi nyingi hupumzika kwa pamoja. Vyombo hujaa siku hizo. Mtumishi aliye likizo, ambaye anaweza kuchagua siku, ni vyema asafiri nje ya kipindi hicho. Mvuvi asiye na hiari hiyo atenge nauli ya kurudi kabla ya kuondoka, na aihesabu kuwa fedha iliyokwisha kutumika. Aidha, fedha nyingi zisibebwe taslimu. Zihifadhiwe kwenye akaunti ya simu na zitolewe kwa mkupuo mmoja, kwani kila utoaji una makato yake.

Njia za kufika
Anayevuka kwanza hadi bara ya Muleba anaweza kupanda basi kupitia Biharamulo, Geita na Sengerema. Njia hii imekuwa nyepesi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3. Kabla ya hapo magari yalisubiri kivuko. Nauli za mabasi hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Abiria adai tiketi yenye kiasi alicholipa.

Anayeanzia Bukoba au Kemondo anaweza kutumia MV Victoria, iliyorejea kazini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Meli husafiri usiku, hivyo abiria huokoa gharama ya kulala nyumba ya wageni usiku mmoja. Ratiba ihakikishwe bandarini, na tiketi inunuliwe dirishani, si kwa walanguzi.

Mahali pasipofaa kubana matumizi
Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama ikiwa imekaribia mwisho wa safari. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokuwemo walizidi mno idadi hiyo, na mamia walipoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka karibu na Ukara. Waliofariki walizidi 220.

Sababu yafaa ieleweke. Chombo kilichojaa kupita kiasi hukaa chini zaidi majini, na abiria wakisogea upande mmoja kwa pamoja hupinduka kabla nahodha hajaweza kufanya lolote. Kwa hiyo nauli ndogo ya chombo kilichojaa, au kisicho na majaketi ya kuokolea maisha, si unafuu. Abiria ana haki ya kuuliza idadi, ya kuvaa jaketi kabla ya chombo kuondoka, na ya kushuka. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi ya Ziwa Victoria usikilizwe, hata ikibidi kupoteza siku moja.

Ndani ya Jiji
Nyumba za wageni zilizo nje kidogo ya katikati ya Jiji kwa kawaida hutoza kidogo, na daladala hufika huko. Nauli ya bodaboda ikubaliwe kabla ya kupanda. Chakula cha mama lishe hushibisha kwa fedha chache, ilimradi kiwe cha moto na bei iulizwe kwanza.

Mengi ya kuvutia hayana kiingilio. Jiwe la Bismarck huonekana bure kutoka ufukweni, jirani na kivuko cha Kamanga. Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, humpa mvuvi nafasi ya kulinganisha bei za dagaa kwa macho yake mwenyewe. Faida ya ziara hiyo yaweza kuzidi nauli. Kisiwa cha Saanane, Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013, hutoza raia wa Tanzania kiingilio cha chini kuliko cha wageni. Kitambulisho cha Taifa kisisahauliwe.

Wanaopenda kuoga ziwani wakumbuke kwamba kichocho hupatikana katika fukwe za Ziwa Victoria. Aliyeoga na baadaye akaona damu kwenye mkojo au choo afike kituo cha afya bila kuchelewa.

Watumishi wanaostahili nauli ya likizo watunze tiketi na stakabadhi zote. Wakazi wote wanakumbushwa kumwachia ndugu au jirani jina la chombo, siku ya kuondoka na siku ya kurejea. Jambo hilo halina gharama yoyote, na ndilo litakalojulisha mapema kwamba msafiri anatafutwa.