Je, Wajua? Hewa ya Ukumbini Kolwezi

Je, wajua kwamba mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto la takriban wati 100? Waumini 200 kanisani ni sawa na majiko 20 ya umeme ya wati 1,000 yaliyowashwa pamoja, tena kabla kwaya haijasimama.

Je, wajua kwamba feni haipoozi chumba? Inaupepea mwili ili jasho likauke. Ikizunguka katika chumba kisicho na mtu, mota yake inaongeza joto tu.

Je, wajua kwamba pumzi tunayoitoa ina kaboni dayoksaidi takriban asilimia 4, karibu mara 100 ya ile iliyo katika hewa ya nje? Mwanafunzi anayesinzia katika darasa lililofungwa asikemewe kabla madirisha hayajafunguliwa.

Je, wajua nani wa kumwuliza habari za hewa hapa Kolwezi? Mchimbaji wa chini ya ardhi, kama wale wa Kamoto. Kadiri unavyoshuka ndivyo mwamba unavyopata moto, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Kwa hiyo mafeni makubwa huvuta hewa safi iingie kwa njia moja na chafu itokee kwa nyingine. Katikati huwekwa milango miwili-miwili: wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe, kwa sababu hewa hufuata njia fupi ya kutokea, na walio mbali wakakosa. Ukumbini ni vilevile. Mlango na dirisha vikiwa ukuta mmoja, hewa huingia na kutoka hapohapo, na wa nyuma wanabaki na jasho lao. Matundu yaelekeane, na mengine yawe juu karibu na dari, maana hewa ya moto hupanda. Mji unaojua kupeleka hewa mamia ya mita chini ya ardhi hauna sababu ya kuwanyima hewa watoto walio juu yake.

Je, wajua kwamba jua hupita utosini Kolwezi mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 20 Februari na 20 Oktoba? Ile ya Oktoba mabati huijua vizuri. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini, na dirisha la upande huo hupasha chumba joto bila gharama.

Je, wajua kwamba mbabula ya makala iliyoingizwa ndani usiku wa Juni hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi? Hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inaua watu wakiwa usingizini. Itoeni nje, hata baridi ikiuma.

Na vumbi la kiangazi, hasa kwa walio karibu na mabaki ya madini ya Kingamyambo? Upepo ukivuma, fungeni upande unakotoka na kufungua ule mwingine. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu.