Saa, Wakati na Muda katika Programu za Kompyuta

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa programu za kompyuta, yapo yale mageni ambayo kila mtu hutarajia yawe na taabu, na yapo maneno ya kila siku ambayo hayamshtui mtu mpaka yamekwisha kuleta hasara. Neno saa ni la kundi hili la pili. Abiria aliyepewa tiketi ya basi iliyochapwa "kuondoka 06:00", naye akaisoma kuwa ni saa sita mchana, atafika kituoni na kuambiwa kwamba basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi na sasa limekwisha kwenda mwendo wa saa sita. Mashine haikukosea hesabu, wala abiria hakukosea Kiswahili. Aliyepaswa kusimama kati yao ni mfasiri.

Yafaa tuangalie kwamba katika habari hiyo fupi "saa sita" imetumika kwa maana mbili: kwanza ni mahali fulani katika siku, yaani adhuhuri, kisha ni urefu wa safari. Mzungumzaji hapati shida, kwa kuwa maneno yaliyo jirani humwongoza. Programu ya kompyuta, kwa upande wake, hapana budi iambiwe waziwazi ni ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu huzihifadhi kwa namna tofauti kabisa. Tarehe na saa ya tukio huhifadhiwa katika mashine nyingi kama hesabu ya sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa kuingia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, wakati ambapo Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. Urefu wa safari, kinyume chake, hauna tarehe, hauna mji, wala hauna asubuhi na jioni. Ni kiasi tu, kama vile kilo au mita. Urefu mmoja waweza kujumlishwa na mwingine, au kuongezwa kwenye saa ya kuondoka ili tupate saa ya kuwasili. Lakini saa mbili asubuhi kujumlisha saa tatu asubuhi ni hesabu isiyo na maana.

Kwa hiyo tunapendekeza wafasiri washike neno wakati kwa ile nukta moja katika mwendo wa siku, na muda kwa urefu peke yake. Neno kipindi tuliache kwa urefu wenye mwanzo na mwisho unaojulikana, kama kipindi cha kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 31 Mei. Maneno yote matatu yamo vinywani mwa watu tayari, na hakuna haja ya kuunda mapya.

Kazi ngumu zaidi ni ile tunayoiita uchanganuzi, yaani programu kupokea maneno yaliyoandikwa na mtu na kuyageuza kuwa wakati au muda. Mtu akiandika "saa mbili na nusu", programu ina majibu matatu ya haki: 08:30, 20:30, au dakika 150. Sarufi yetu inao msaada ambao watunga programu wengi hawaujui. Twasema "saa mbili imefika", kwa umoja, tukikusudia wakati. Twasema "saa mbili zimepita", kwa wingi, tukikusudia muda. Upatanisho wa kisarufi umekwisha kutofautisha kile ambacho nomino haikutofautisha. Bahati mbaya, katika fomu ya kompyuta hakuna kitenzi. Kuna kisanduku kitupu tu.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya "masaa". Walimu hulikosoa, na vitabu vya Kiswahili sanifu hushikilia kwamba saa haibadiliki katika wingi. Hatukusudii kuwaasi. Hata hivyo, msikilize anayesema "nimengoja masaa mawili": mara nyingi hasemi hivyo anapotaja wakati. Hakuna asemaye "tukutane masaa mawili asubuhi". Watu wameliona pengo wakaliziba kwa namna yao. Anayetaka kubaki katika usanifu na aandike "muda wa saa mbili", lakini asiandike "saa mbili" tupu.

Kugeuza saa za mashine kuwa saa za Kiswahili si kazi kubwa: hutolewa sita, au kuongezwa sita, na palipo sifuri husomwa kumi na mbili. Shida imo katika maneno yanayofuata. "Kasorobo" humlazimisha mchanganuzi kurudi nyuma: saa mbili asubuhi ni 08:00, lakini saa mbili kasorobo ni 07:45. Nao usiku ni mzito zaidi. Kwa kompyuta, Jumatano saa 02:00 ni mwanzo wa siku ya Jumatano. Kwa wasemaji wengi, saa nane usiku wa Jumatano ni ule usiku unaofuata mchana wa Jumatano. Na kwa desturi ya pwani, ambako siku huanza jua linapotua, usiku wa Jumatano umetangulia mchana wake. Maneno "usiku wa kuamkia Jumatano" huondoa utata huo, nasi tungependa tuyaone katika kila tangazo na kila fomu.

Miezi nayo si kipimo thabiti. Mwezi mmoja baada ya tarehe 31 Januari ni lini? Zipo programu zinazojibu tarehe 28 Februari, na zipo zinazojibu tarehe 3 Machi. Ndiyo maana sheria nyingi hutaja siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya uzazi isiyopungua siku 84. Likizo ikianza tarehe 1 Machi, na siku hiyo ikihesabiwa, siku ya 84 ni tarehe 23 Mei. Mfasiri akiandika "miezi mitatu" kwa kurahisisha, ameisogeza hadi tarehe 31 Mei.

Limebaki jambo la vifupisho. Katika maandishi ya programu, h ni saa, min ni dakika, s ni sekunde na d ni siku. Wapo waliojaribu kuzitafsiri herufi hizo, wakajikuta na s ya saa, s ya sekunde na s ya siku, na m ya mwezi na ya mwaka. Huku msomaji akiona "2d" na kudhani ni dakika mbili, ilhali mashine imehesabu siku mbili. Alama za kimataifa ziachwe kama zilivyo ndani ya programu, kama tunavyoiacha kg. Katika sehemu inayosomwa na mtu, neno liandikwe kamili: dakika 2, siku 2, muda wa saa 2.