Je, Wajua? Magurudumu Yasiyokunjwa Hayasahauliki

Je, wajua kwamba Cessna 172, ndege inayotumiwa kufundishia marubani wengi duniani, kwa kawaida haikunji magurudumu yake? Hata Cessna Caravan, inayofaa viwanja vidogo vya mashariki mwa Kongo kama Rughenda cha Butembo na Mavivi cha Beni, imeundwa hivyo. Mtu atasema magurudumu yanayoning'inia hukinzana na hewa na kupunguza mwendo. Ni kweli, lakini kutoka Goma hadi Butembo, kilomita 200 hivi angani, kuyakunja kungeokoa dakika chache tu, ilhali pampu, nyaya na swichi za kukunjia huongeza vitu vya kuharibika. Mguu usiokunjwa waweza kuvunjika ukigonga shimo, ila hauwezi kugoma kushuka wala kusahauliwa na mwanafunzi.