Mfuko wa Elimu wa Chama cha Msingi: Makato kwa Kilo na Matumizi Yake

Mkulima wa kahawa wa miteremko ya Kilimanjaro huvuna tangu Julai hadi Desemba, lakini malipo yake humfikia kwa mafungu. Fungu la kwanza hulipwa anapoipeleka kahawa ya maganda chamani. Lililosalia husubiri kahawa ikobolewe, ipangwe madaraja na kuuzwa mnadani Moshi, na huenda likafika mwaka mwingine ukiwa umekwisha anza. Shule hazifuati kalenda hii. Kidato cha Kwanza huanza Januari, mara tu baada ya gharama za Krismasi ambazo kila mwana wa mlimani azijua. Kidato cha Tano huanza Julai, wakati buni za kwanza ndiyo kwanza zinawiva. Katika nyakati zote mbili mzazi huulizwa fedha ambazo hana mkononi, ijapokuwa baadhi yake anazo mtini au ghalani.

Ada yenyewe imekwisha ondolewa. Tangu Januari 2016 shule za sekondari za Serikali hazitozi ada kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne; kabla ya hapo mzazi alilipa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 70,000 kwa wa bweni. Mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa hadi Kidato cha Sita. Hata hivyo, Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, uliogawa wajibu baina ya Serikali na mzazi, ulimwachia mzazi sare, madaftari na kalamu, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Anayechaguliwa kwenda bweni hupewa maagizo ya kujiunga yenye orodha ya godoro, shuka, ndoo na vifaa vya usafi, na juu ya hayo yote kuna nauli. Mtoto wa Mwika akipangiwa Kidato cha Tano Songea au Tabora, nauli peke yake ni jambo la kuwakalisha wazee wa ukoo. Ndiyo sababu mtoto aliyefaulu aweza kukaa nyumbani wiki mbili, pengine mwezi, wenzake wakiwa darasani. Na mwingine haendi kabisa, wala hahesabiwi popote kuwa alishindwa na ada, kwa kuwa ada haipo.

Kuchanga elimu kutokana na kahawa si jambo geni kwetu. Wamisionari wa Kilema, waliokuwa miongoni mwa waliopanda miche ya kwanza ya kahawa mwishoni mwa karne ya 19, walifungua pia madarasa, na tangu hapo kahawa na shule zimekwenda pamoja kama mgomba na samadi. Wakulima walipounda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na kilipofuatwa na KNCU mwaka 1933, shabaha ilikuwa kuilinda kahawa ya Mwafrika na kuipatia bei. Lakini bei ilipopanda katika miaka ya 1950, ushuru wa kahawa uliokusanywa na Baraza la Wachagga ulisaidia kujenga shule, na ushirika wenyewe ukawa na chuo cha biashara mjini Moshi, ambapo vijana walifundishwa utunzaji wa hesabu na kazi za ofisi. Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963 nacho kimekua hata kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika mwaka 2014.

Mei 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na KNCU haikurudi hadi mwaka 1984. Yafaa tukumbuke yaliyotendeka wakati huo kwa upande wa elimu. Nafasi za Kidato cha Kwanza katika shule za Serikali ziligawanywa kwa mikoa ili sehemu zilizokuwa nyuma zipate fungu lao. Utaratibu huo ulikuwa na haki yake, lakini uliwaacha watoto wengi wa mkoa wetu bila pa kwenda. Wazazi, makanisa na Jumuiya ya Wazazi wakajenga shule zao wenyewe, na katika miaka ya 1980 Kilimanjaro ndiyo iliyoongoza nchini kwa wingi wa shule za sekondari zisizo za Serikali. Tuseme kweli: shule nyingine zilikuwa na kuta imara na hazikuwa na mwalimu wa hesabu. Tofali huonekana, na mwenye kuchanga hupenda kuona alichochangia. Kitabu cha fizikia au sahani ya makande ya mchana haviwekewi jiwe la msingi.

Sasa tueleze mfuko wenyewe. Kanuni ni nyepesi: mkutano mkuu wa wanachama huamua kiasi fulani kikatwe katika kila kilo ya kahawa inayopokelewa, na kiasi hicho hutengwa kwa ajili ya elimu. Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 400, kila mmoja akileta wastani wa kilo 120 za kahawa ya maganda. Jumla ni kilo 48,000. Makato yakiwa shilingi 50 kwa kilo, mwanachama huyo wa wastani hutoa shilingi 6,000 kwa msimu mzima, na mfuko hupata shilingi 2,400,000. Kwa fedha hizo wanafunzi 24 waweza kusaidiwa kwa shilingi 100,000 kila mmoja. Mwenye kahawa nyingi hutoa zaidi na mwenye kidogo hutoa kidogo, jambo ambalo michango ya kugawana sawa kwa kila kaya haiwezi kulitimiza. Aidha, fedha hukatwa siku ile ambayo zipo. Michango mingi inayoitishwa Januari hushindikana kwa sababu hiyo moja tu.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana mikutanoni. Katika nyumba zetu nyingi kahawa ni ya baba na kitabu cha uanachama kina jina lake, ingawa mama na watoto ndio huchuma na kuanika. Ndizi na maziwa ni vya mama. Daftari linapokwisha katikati ya muhula, aghalabu ni mkungu unaobebwa sokoni Mwika au Kiboriloni unaolinunua lingine. Kwa hiyo makato ya kahawa yana faida ambayo haionekani katika hesabu: huligeuzia zao la baba sehemu ya mzigo ambao mama ameubeba peke yake, na hufanya hivyo kabla fedha hazijafika nyumbani na kupata njia nyingine. Wajumbe wanaopinga makato kwa hoja kwamba wazazi tayari wanasomesha waulizwe kwa upole ni mzazi yupi hasa.

Chama kikikusanya fedha bila kwanza kupambanua shida, kitagombana na wanachama wake. Shida ziko za namna mbili. Kuna ukata wa msimu: mzazi ana kahawa ghalani kwa chama, malipo ya pili yatakuja, ila hayajaja. Huyu hahitaji msaada. Ahitaji kukopeshwa dhidi ya kahawa yake, na deni likatwe malipo yatakapotoka. Asipopata mkopo wa namna hii chamani au katika chama cha akiba na mikopo, humwendea mnunuzi wa pembeni na kumwuzia kahawa ingali mtini, kwa bei ya mwenye njaa, na chama hupoteza kilo hizo pia. Kisha kuna umaskini wenyewe: yatima anayelelewa na bibi, mjane aliyebakiwa na migomba michache, baba mgonjwa. Huyu akikopeshwa ataongezewa mzigo tu, apewe. Ni vema mfuko uwe na mafungu mawili, la mikopo na la misaada, na kila moja liwe na hesabu yake. Yakichanganywa, mwenye uwezo hujidai maskini ili asirudishe, na fungu la yatima huisha kwanza.

Vyama vinavyouza kahawa kwa masharti ya Fairtrade vina chanzo cha pili. Kahawa ya KNCU ilianza kuuzwa kwa masharti hayo mwaka 1993. Mnunuzi hulipa bei, na juu ya bei hulipa nyongeza ya senti 20 za dola ya Marekani kwa kila ratili ya kahawa iliyokobolewa. Kwa gunia la kilo 60 nyongeza hiyo ni dola 26 na zaidi kidogo; kwa tani kumi ni dola 4,400 hivi. Tangu mwaka 2011 angalau senti tano kati ya hizo 20 hutakiwa zitumike kuinua ubora na wingi wa kahawa. Zilizobaki wanachama huamua wenyewe, na elimu ni matumizi halali kabisa. Lakini watendaji waangalie mambo mawili. Nyongeza huhesabiwa juu ya kahawa safi, na maganda hupunguza uzito kwa sehemu moja ya tano hivi wakati wa kukoboa. Tena hulipwa kwa ile kahawa tu iliyonunuliwa kwa masharti hayo. Inayokwenda mnadani kwa njia ya kawaida haina nyongeza. Kuahidi wanafunzi juu ya magunia ambayo hayajapata mnunuzi ni kuwajengea juu ya mchanga.

Fedha hizi zitumikeje? Maoni yetu ni kwamba mkono wa kwanza uende kwa yule aliyefaulu na hawezi kuripoti shuleni. Wa pili uende kwenye chakula cha mchana katika shule za kutwa za kata, maana mtoto anayepanda mlima saa kumi na moja alfajiri na kushuka jioni bila kula hasomi, hata walimu wakiwa wazuri namna gani. Hapa mwanachama aweza kutoa mahindi na maharage badala ya fedha. Wa tatu uende kwa kijana aliyemaliza Kidato cha Nne bila kuchaguliwa kuendelea. Huyu husahauliwa mara nyingi, na kwa ushirika ndiye wa maana sana: mafunzo ya ufundi, pamoja na yale yatolewayo na VETA mjini Moshi, yaweza kumfanya fundi wa mashine za kumenyea kahawa au wa umeme katika kijiji chake. Kwa wanaokwenda vyuo vikuu fedha za chama ni kidogo mno. Njia yao ni Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005. Hata hivyo karani wa chama aweza kuwafaa sana kwa kuwakumbusha mapema vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vya wazazi, ambavyo lazima vihakikiwe na RITA. Wako vijana wanaokosa mkopo kwa sababu ya karatasi.

Kuhusu usimamizi tutasema kwa ukali kidogo, kwa kuwa wanachama wengi wameona mifuko ikianzishwa kwa shangwe na kufa kimya. Makato yasianze kabla ya mkutano mkuu kuyapitisha na masharti ya chama kurekebishwa na kupelekwa kwa Mrajis, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavyotaka. Fedha zikae katika hesabu ya peke yake benki, wala zisiguswe kununulia kahawa hata kama ni kwa siku tatu. Mfuko usilipe posho za vikao. Malipo yaende moja kwa moja shuleni au kwa muuza vifaa, si mkononi mwa mzazi wala wa mjumbe. Jina la mtoto wa mjumbe likija mezani, mjumbe huyo atoke nje. Jumla ya fedha na idadi ya waliosaidiwa vibandikwe ubaoni kila muhula, lakini majina ya watoto maskini yasibandikwe. Wasomewe mkaguzi wa COASCO, inatosha. Wako wanaosema kuficha majina hualika udanganyifu. Sisi twaona kwamba mtoto anayetangazwa kuwa ombaomba wa kijiji ataiacha shule kwa aibu, na hapo chama kitakuwa kimenunua godoro bure.

Lipo pia swali la kahawa yenyewe. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata vingine ni vipande vidogo. Mikahawa mingi ni mizee. Chulebuni na kutu ya majani vinakula mavuno ya wasiopuliza dawa. Makato kwa kilo hayana nguvu pasipo na kilo. Chama kinachokusudia mfuko wa kudumu kiwe na kitalu cha miche chotara inayostahimili magonjwa hayo, ile iliyotolewa na kituo cha utafiti cha TaCRI huko Lyamungu, na kifikirie namna ya kuwaingiza wauza maziwa na ndizi ambao hawana mkahawa hata mmoja lakini wana watoto shuleni. Hao wanaweza kuchangia kwa lita au kwa mkungu, na wakichangia wawe na haki sawa na wengine.

Chama kinachotaka kuanza msimu ujao kiiweke hoja katika ajenda ya mkutano mkuu kabla ya Julai, kwa sababu makato hayawezi kuanza katikati ya mapokezi, wengine wakiwa wamekwisha leta kahawa bila kukatwa na wengine bado. Katibu aandae rasimu ya masharti yenye kiasi kwa kilo, mafungu mawili tuliyoyataja, na majina ya kamati ya watu watano, angalau wawili wakiwa wanawake. Stakabadhi ya mapokezi iongezwe safu moja inayoonyesha shilingi zilizokatwa kwa ajili ya elimu, ili kila mwanachama aondoke ghalani akiwa na karatasi inayomweleza ametoa kiasi gani.