Mzigo wa ziada kwenye safari ya meli: panga begi kama unavyopanga pesa

Ni usiku wa kuamkia safari na kitanda kimejaa nguo. Kuna gauni la harusi ya mwaka juzi ambalo "huenda likahitajika", viatu jozi tano, pasi ndogo, birika la umeme, na mfuko wa zawadi ambao shemeji ameuleta saa tatu usiku. Begi limekataa kufunga. Unalikalia, linafunga. Asubuhi pale JKIA mzani unasema kilo 29, tiketi inasema 23, na nyuma yako foleni inanung'unika. Unatoa simu, unalipa, hata hujauliza bei.

Pesa hizo ungeweza kuzitumia kula samaki ufukweni. Na kilo sita zenyewe, nusu yake hutazigusa safari nzima.

Siku hizi kuna familia na vyama vinavyoweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya safari ya meli ya kitalii. Hapa tutatumia mfano mmoja: meli inayoanzia Durban, Afrika Kusini, inaelekea pwani ya Msumbiji na kurudi. Unapanda ndege Nairobi, unafika Durban, unaingia melini, unakaa siku kadhaa, kisha unarudi ulikotoka. Ukielewa safari hii, nyingine zote za aina hii utazimudu.

Begi kubwa litakuacha mara nne

Watu wengi huanza kwa kujiuliza, "Nibebe nini?" Swali la maana zaidi ni hili: begi litakuwa wapi, na mimi nitakuwa wapi?

Hesabu nasi. Ukienda, begi kubwa liko chini ya ndege. Ukifika bandarini, wapagazi wanalichukua likiwa na lebo ya namba ya chumba chako, na linaweza kukufikia saa kadhaa baadaye, pengine jioni. Usiku wa mwisho melini, abiria huambiwa waweke mabegi nje ya mlango yakusanywe usiku. Halafu ndege tena. Mara nne hauko na begi lako, kwa hiyo kitu chochote ambacho huwezi kukaa bila yake kwa siku moja hakifai kuwa ndani ya begi hilo.

Begi dogo ndilo bosi

Begi la mkononi libebe haya: pasipoti, tiketi, cheti cha chanjo ya homa ya manjano (Afrika Kusini hukitaka kwa msafiri anayetoka Kenya, na chanjo inapaswa kuwa imechomwa angalau siku 10 kabla), dawa zako zikiwa kwenye pakiti zake na karatasi ya daktari, miwani, chaja, nguo moja ya kubadilisha na vazi la kuogelea. Watu wakiwa tayari wanaogelea saa nane mchana, wewe usiwe umekaa pembeni na suruali ya jinzi ukingoja begi.

Pawabanki ya kuchaji simu lazima iwe kwenye begi la mkononi. Mashirika ya ndege hayaruhusu iwekwe kwenye mzigo wa chini kwa sababu betri inaweza kushika moto. Za kawaida za mAh 10,000 au 20,000 hazina shida. Mafuta na losheni unazobeba mkononi ziwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100 kila moja.

Kama mnasafiri wawili, changanyeni: nusu ya nguo zako kwenye begi la mwenzako, nusu ya zake kwenye lako. Begi moja likipotelea njiani, hakuna atakayevaa shati moja siku tatu.

Vitu ambavyo meli itavizuia

Mabegi hupita kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kuingia melini. Pasi, birika la umeme, jiko la aina yoyote na mishumaa huwekwa kando, nawe utarudishiwa safari ikiisha. Baharini moto ndio adui mkubwa, kwa hiyo hapo hakuna kubembeleza. Hata ekstensheni za umeme zenye kinga dhidi ya umeme kupanda hukataliwa kwenye meli nyingi.

Sasa piga hesabu: pasi kilo moja, birika kilo moja. Kilo mbili umezibeba kutoka nyumbani, ukazilipia, ukanyang'anywa mlangoni.

Kitu utakachohitaji kweli ni adapta. Soketi za melini mara nyingi ni za kizungu zenye matundu mawili ya duara, au za Kimarekani. Plagi yetu ya Kenya ya pini tatu za mraba haiingii. Nazo za Afrika Kusini bara zina pini tatu nene za duara. Nunua adapta Nairobi kabla ya kuondoka, maana kwenye duka la uwanja wa ndege bei huwa ya juu.

Kuhusu zawadi za shemeji: usibebe kifurushi ambacho hukukifunga mwenyewe. Kifungue, uone, ukifunge wewe. Nyama, matunda, mbegu na asali huzuiliwa mpakani Afrika Kusini. Kumwambia "pole, shemeji" nyumbani ni rahisi kuliko kujieleza kwa ofisa.

Pima nyumbani, lipa mapema

Huhitaji mzani maalum. Panda kwenye mzani wa kawaida peke yako, kisha panda ukiwa umebeba begi. Kama wewe ni kilo 68 na pamoja na begi ni 93, begi ni kilo 25. Kumbuka begi kubwa gumu likiwa tupu linaweza kuwa kilo nne.

Fanya hivyo siku tatu kabla ya safari, wakati bado una nafasi ya kuamua. Una njia tatu: punguza, gawana na mwenzako mwenye nafasi, au nunua kilo za ziada mapema. Mashirika mengi ya ndege hutoza nafuu ukilipa mtandaoni kabla ya siku ya safari kuliko ukilipia kaunta. Linganisha bei hiyo na thamani ya vitu vyenyewe. Kama ni viatu jozi tatu ambavyo hutavivaa, jibu unalo.

Acha pia nafasi ya kilo tatu au nne za kurudi nazo. Hakuna anayerudi kutoka Durban mikono mitupu.

Chumba ni kidogo, panga kwa kimo

Chumba cha meli ni kidogo kuliko cha hoteli. Begi tupu huingia chini ya kitanda, kwa hiyo toa nguo zote siku ya kwanza na ulisukume huko. Kuta nyingi za melini ni za chuma. Sumaku chache zenye ndoano zitabeba kofia, lebo na mikoba midogo bila kuchukua nafasi. Nguo zikunje kwa kuviringisha, na uzigawe kwenye vifuko vya kitambaa: mchana, jioni, za ndani, chafu.

Tunasema vifuko vya kitambaa kwa sababu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 28 Agosti 2017, na sheria hiyo inakungoja JKIA ukirudi. Usirudi na nguo mbichi kwenye mfuko wa plastiki wa dukani. Mfuko wa kitambaa kizito au kanga kuukuu inatosha.

Pesa nazo zigawe

Ndani ya meli kwa kawaida hulipi taslimu kila ununuapo soda. Unafunguliwa akaunti, matumizi yanaandikwa huko, na unalipa mwishoni. Akaunti hiyo huhitaji kadi ya benki au amana ya taslimu. Ukitumia kadi inayotoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako, fahamu kwamba meli inaweza kushikilia kiasi fulani kwa siku kadhaa, na wakati huo huwezi kukitumia. Kwa hiyo usiweke pesa zote za safari kwenye kadi moja.

Zigawe mara tatu: za melini, za kutembea bandarini, na za dharura ambazo hutazigusa. Za dharura zibaki kwenye pochi ya simu au akaunti nyingine, mbali na kadi.

Kabla hata ya kufika huko, kama unalipia safari pole pole kupitia wakala wa utalii, lipa kwenye namba ya biashara, Till au Paybill, na usome jina linalojitokeza kabla ya kukamilisha malipo. Jina likiwa la mtu binafsi usiyemjua, simama hapo hapo. Hifadhi kila ujumbe wa malipo, kisha zipige picha ya skrini na uzitume kwenye barua pepe yako. Simu ikizama, risiti zisizame nayo.

Baharini hakuna SMS

Hili ndilo watu hulisahau. Meli ikiondoka bandarini, mtandao wa nchi kavu unapotea. Baadhi ya meli zina mtandao wao wa simu unaopitia setilaiti, na gharama yake ni kubwa. Weka simu kwenye hali ya ndegeni meli inapong'oa nanga. Wi-Fi ya melini ukinunua inaweza kukuletea WhatsApp, lakini usiitegemee ikuletee SMS yenye namba ya siri ya benki.

Maana yake ni kwamba malipo yote yafanyike kabla hujapanda: karo, kodi, tokeni za stima za nyumbani, mchango wa chama, dawa za mzee. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado Kenya, na uijaribu ukifika Durban kabla ya kuingia melini. Usimwachie mtu PIN yako eti akulipie. Mtumie pesa yeye, alipe kwa simu yake.

Kisha andika kwenye karatasi namba ya huduma kwa wateja inayoanza na +254, uiweke na pasipoti. Namba iliyo ndani ya simu iliyopotea haitakusaidia. PIN yenyewe isiandikwe popote.

"Mzigo wa binti yako umezuiliwa"

Sasa fikiria mama yako yuko nyumbani Kitale. Ameona picha zako za uwanja wa ndege, na jirani ameziona, na watu usiowajua nao wameziona. Siku ya pili simu inaita: "Mama, tunapiga kutoka bandarini. Mzigo wa binti yako umezidi na umezuiliwa. Asipolipa 18,000 sasa hivi, meli inamwacha. Simu yake imeisha chaji, ndiyo maana ametupatia namba yako." Mama anakupigia. Haupatikani, kwa sababu kweli uko baharini. Hofu inamshika, anatuma.

Matapeli wanapenda mtu asiyepatikana. Dawa yake ni mazungumzo ya dakika tano kabla ya kuondoka. Mwambie mama: "Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi sitapatikana, na hiyo ni kawaida. Mzigo wangu nimeshaulipia. Mtu yeyote akikuomba pesa kwa jina langu, usitume. Mpigie kaka kwanza." Wekeni neno moja la siri la familia. Anayepiga asipolijua, simu ikatwe. Na zile picha, zipakie ukisharudi. Zitapendeza vilevile.

Ikiwa pesa zimeshatumwa, apige simu kwa huduma kwa wateja mara moja, bila kuona aibu. Kila dakika inayopita inampa tapeli nafasi ya kuzitoa.

Usiku wa mwisho

Kabla ya kuweka begi nje ya mlango, tenga nguo za kesho, viatu, dawa, chaja na pasipoti. Kuna watu hufunga kila kitu kwa bidii, begi likaenda, kisha asubuhi wakashuka bandarini na nguo za kulalia. Pitia pia bili ya akaunti yako usiku huo huo na uulize jambo lolote usilolielewa, maana asubuhi foleni huwa ndefu.

Kagua kabla ya kutoka nyumbani

- Begi kubwa limepimwa, na kilo za ziada zimelipiwa mapema.
- Begi dogo linatosha siku moja nzima bila lile kubwa.
- Pasi na birika zimebaki nyumbani.
- Pesa zimegawanywa mara tatu.
- Bili za nyumbani zimelipwa.
- Namba ya huduma kwa wateja iko kwenye karatasi.
- Familia inajua siku ambazo hutapatikana, na inalo neno la siri.

Ukimaliza orodha hii na begi bado haliwezi kufunga, toa lile gauni. Safari njema!