Kuhama sokoni kwenda kwenye kompyuta: Je, mwili wako uko tayari?

MFANYABIASHARA wa Garissa ni nadra kukaa kitako siku nzima. Siku ya soko la mifugo huwa vumbini tangu alfajiri, akikagua ng'ombe na kumfuata mnunuzi huku na huko. Mwenye duka naye husimama, huinama na kubeba magunia. Bila wao kujua, kazi huwafanyisha mazoezi.

Siku hizi wapo watu waliofanya biashara, uhasibu au mauzo kwa miaka mingi wanaotamani kazi tofauti kabisa: kubuni programu za simu na tovuti ili anayezitumia asitatizike. Kazi hii ilipata jina lake la Kiingereza miaka ya mapema ya 1990, kutoka kwa Don Norman wa kampuni ya Apple. Hapa Kenya, serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka wa 2016 ili kuwahimiza vijana kutafuta riziki mtandaoni.

Mfanyabiashara haingii katika kazi hii mikono mitupu. Anamjua mteja. Anajua mzee asiyesoma hukwama wapi anapotuma pesa kwa simu, na kwa nini humpa mjukuu simu amsaidie. Lakini mwili wake haukuzoea kiti.

Macho na mgongo

Kwa kawaida mtu hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika. Akikodolea kioo cha kompyuta, idadi hiyo hupungua sana, na macho hukauka na kuwasha. Aliyepita miaka 40 huanza pia kushindwa kuona vyema vitu vya karibu, hivyo huenda akahitaji miwani ya kusomea. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kwa sekunde 20. Kioo kiwe usawa wa macho, na nyayo zikanyage sakafu.

Sukari na moyo

Chai ya maziwa yenye sukari nyingi haibadiliki mtu anapobadili kazi, lakini matembezi hupungua. Matokeo yake ni unene, kisukari na shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima atembee kwa haraka au afanye mazoezi kama hayo kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Joto la Garissa likikuzuia mchana, tembea baada ya swala ya alfajiri. Kunywa maji pia, usitegemee chai pekee.

Usiku na miraa

Saa tatu asubuhi jijini New York, Garissa huwa saa kumi au kumi na moja jioni. Anayemfanyia kazi mteja wa Marekani hujikuta akikesha, na wengine hutafuna miraa ili wasisinzie. Miraa huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hupunguza hamu ya chakula na kufukuza usingizi. Mwaka wa 2021, WHO na Shirika la Kazi Duniani zilitoa ripoti kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa asilimia 35, kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40.

Mzigo wa moyoni

Aliyezoea kuheshimiwa sokoni sasa anasahihishwa na kijana wa miaka 22. Pesa haziji kila siku kama dukani, na karo ya watoto haisubiri. Ukikosa usingizi kwa majuma mawili au zaidi, ukawa mkali nyumbani au ukakata tamaa, mwone daktari. Huo si udhaifu wa imani, ni ugonjwa unaotibika.

Kwa hivyo, usifunge duka siku ya kwanza. Jifunze kwa saa chache kila siku huku biashara ikiendelea, na umweleze mkeo au mumeo ukweli kuhusu mapato. Kabla hujaanza, pimwa shinikizo la damu, sukari na macho katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Baada ya miezi sita rudi upimwe tena, ujue kazi mpya inaufanyia nini mwili wako.