Imprimanti iliyokufa, pasi ya mama na plaketi ya taa



Katika mikutano yetu ya Jumamosi swali moja linarudi kila mara: vijana wetu wanafanya nini na imprimanti zilizokufa? Toka Katuba mpaka Ruashi ni habari moja. Kijana anaingia katika parseli na mashini nzee ya biro begani, anaifungua kwa tunevisi, na kisha siku mbili meza ya kulia bukari imejaa vyuma, vidude vya plastiki na unga mweusi. Mama akiuliza, anajibiwa: "Mama, tunatengeneza plaketi." Halafu anaombwa pasi. Wengine kati yetu waliikatalia ile pasi, na walikuwa na haki. Wengine waliitoa bila kuuliza zaidi. Basi tulikaa na mafundi wawili wa radio pamoja na kijana mmoja anayesomea umeme, tukaangalia kazi hiyo toka mwanzo mpaka mwisho, ili tuwaandikie yale tuliyoyaona.

Ukifungua radio yako, au taa ya sola, utaona ndani kibao chenye mistari myembamba. Ndicho mafundi wanachokiita plaketi. Mistari ile ni ya shaba, na umeme unapita humo kama maji katika mfereji. Kibao chenyewe kwa kawaida kina unene wa milimita 1.6, lakini shaba iliyobandikwa juu yake ni milimita 0.035 tu. Zamani mafundi walikuwa wanafunga kila waya kwa mkono. Paul Eisler, Mwaustria aliyekuwa amekimbilia Uingereza, ndiye aliyetengeneza radio yenye mistari ya kuchapwa, kule London, mwaka 1936. Sisi watu wa hapa tunaona malori ya shaba yakielekea Kasumbalesa mchana na usiku, na tunainunua tena ndani ya simu na radio. Hatutasema zaidi juu ya hilo leo.

Kwa nini kijana atengeneze plaketi yake mwenyewe? Chukua ile taa ya sola tunayowasha wakati wa delestaji. Mara nyingi pano yake ni nzima, balbu ni nzima, hata batri ingali na nguvu. Kilichoungua ni kibao kidogo kinachozuia batri isijae kupita kiasi. Kibao hicho ni shida kukipata peke yake sokoni, basi unaambiwa ununue taa nyingine. Fundi anayejua kuchora kibao kipya anakurudishia taa yako. Hapo ndipo imprimanti inapoingia.

Unga wa imprimanti ya lazeri, yaani tona, si wino. Ni plastiki iliyosagwa laini sana na kutiwa rangi. Mmarekani Chester Carlson aligundua njia hiyo: tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria katika mji wa New York, alinasa unga mkavu kwa nguvu ya umeme, akaupeleka juu ya karatasi na kuipasha joto ili unga ushike. Imprimanti ya lazeri inafanya vilevile. Mwali unachora juu ya mviringo, unga unashika pale palipochorwa, karatasi inaupokea, kisha inapita kati ya miviringo miwili yenye joto, karibu digri 180 mpaka 200, na ile plastiki inayeyuka na kugandamana na karatasi.

Vijana wanafaidika na neno moja: plastiki hiyo ikiyeyuka mara ya pili, inaweza kuhama toka karatasi mpaka kwenye shaba. Wanachapa mchoro kinyumenyume, kama unavyoonekana katika kioo, juu ya karatasi laini inayong'aa. (Karatasi za magazeti ya mitindo zinafaa, ukikosa kurasa zako, unajua pa kuuliza.) Wanasugua shaba mpaka ing'ae, wanalaza karatasi juu yake na kuikandamiza kwa joto. Kisha wanaloweka katika maji mpaka karatasi inatoka, na mistari myeusi inabaki juu ya shaba. Baadaye kibao kinatiwa katika dawa inayoitwa perkloriri. Dawa inakula shaba iliyo wazi, lakini haigusi ile iliyofunikwa na plastiki. Mwishoni wanafuta weusi kwa asetoni, ndiyo ileile ya kutoa rangi ya makucha, na kutoboa matundu ya milimita 0.8 au 1. Imprimanti ya wino wa maji haifai kwa kazi hii hata kidogo, kwa sababu wino ule hauna plastiki ya kuyeyuka.

Sasa, ile pasi. Inafanya kazi, lakini inakandamiza pabaya: katikati sana, pembeni kidogo, na mstari mmoja ukikatika kibao kizima ni bure. Kwa hiyo vijana wanatafuta kitu kinachokandamiza sawasawa, na wamekigundua ndani ya imprimanti yenyewe: ile miviringo miwili yenye joto. Mafundi wanaiita tanuru. Imprimanti nyingi zinatupwa kwa sababu hazivuti karatasi tena, au kwa sababu tona mpya ni bei kali, na tanuru lingali zima. Kijana analitoa, anazungusha miviringo kwa mota na meno ya imprimanti ileile, na kupitisha kibao humo mara kadhaa, polepole.

Tulipenda akili hiyo. Tuliogopa pia, na tutawaambia kwa nini.

Ndani ya mviringo wa tanuru la zamani kuna taa ndefu ya halojeni inayokula umeme wa ukutani, volti 220, moja kwa moja. Likiwa ndani ya imprimanti, kuna kidude kinachopima joto na kibao kinachokata umeme joto likifika. Tanuru likitolewa nje, hakuna anayeliambia taa izimike. Litaendelea kupata moto mpaka kitu kiungue. Kuna kizuizi cha mwisho juu ya mviringo, kama fizibli, kinachokatika joto likizidi. Tuliambiwa kwamba vijana wengine wanakiruka kwa kipande cha waya, eti kinawasumbua! Mama, usiondoke mezani kabla ya kuuliza mambo haya: kizuizi kile kipo? Ni kitu gani kinachokata joto? Vyuma vya nje vimefungwa kwenye waya wa ardhini? Huna haja ya kusomea umeme ili kuuliza. Kijana akibabaika, chomoa plagi.

Kuna na shida ya unene. Tanuru lilifanywa kwa karatasi, ambayo haifiki hata milimita 0.2. Kibao cha 1.6 kinalazimishwa, springi zinalia, meno yanavunjika. Afadhali kibao chembamba cha milimita 0.8. Tena katika imprimanti nyingi ndogo za siku hizi hamna taa ndani ya mviringo. Kuna ngozi nyembamba inayozunguka, na ncha ya kibao inaipasua mara moja. Hiyo isipotezewe wakati.

Shauri letu ni hili: anayeanza abaki na pasi, lakini pasi nzee ya kununua kwa ajili ya kazi hiyo tu, isiyotia mvuke. Pasi ya nguo za masomo na za kanisa ibaki ya nguo. Tanuru litakuja akiisha kuwa na fundi wa kumsimamia.

Kuna sehemu moja ya imprimanti ambayo tunaikataa kabisa nyumbani: kisanduku cha lazeri, chenye kioo kidogo kinachozunguka mbio. Wako watu wanaokitumia kuchora moja kwa moja juu ya shaba iliyopakwa dawa ya kushika mwanga. Ni kazi ya ajabu, lakini mwali wake mara nyingi hauonekani kwa macho. Mwanga mkali unaoonekana unakufanya ufumbe macho. Huu hauoni, hufumbi, na ndani ya jicho panaungua. Kisanduku kile kisifunguliwe. Mota, vyuma virefu vilivyonyooka, springi, kile kinachotoa volti 24, vyote hivyo vichukuliwe: mafundi wetu walitengeneza kitoboleo kidogo kwa vyuma vya imprimanti mbili, na kinatoboa vizuri.

Unga mweusi ukimwagika, usipige ufagio na usipulize kwa mdomo, maana unaruka na kuingia kifuani. Pangusa kwa kitambaa chenye maji baridi. Maji ya moto yanaufanya ushike nguo milele. Mtoto mdogo asiwe karibu wakati wa kufungua sanduku la tona. Na mabaki ya plastiki yasichomwe motoni pamoja na takataka, wala yasitumiwe kuwasha makala. Moshi wake ni sumu.

Tulikawia zaidi juu ya perkloriri, kwa sababu tulikuta mama mmoja amekwisha kupoteza sufuria. Dawa hiyo inakula alumini kwa nguvu, inachemka na kutoa moshi, na sufuria zetu nyingi ni alumini. Itiwe katika beseni la plastiki, nje ya nyumba, na beseni hilo lisirudi jikoni kamwe. Ikigusa nguo, doa la kahawia halitoki. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 bila kuacha, kisha enda kwa muganga. Na tafadhali, isiwekwe katika chupa ya maji au ya jus. Mtoto mwenye kiu hasomi.

Dawa ileile inatumika mara nyingi kabla ya kuchoka, basi ihifadhiwe. Ikichoka, imejaa shaba, na shaba hiyo inaua samaki na kuharibu udongo. Isimwagwe katika mfereji, wala karibu na kisima, wala katika shamba la lengalenga. Mafundi wanaitilia chokaa kidogo kidogo mpaka tope linazama chini. Wanakausha tope na kulifungia katika kopo lenye jina lake.

Neno lingine tuliloliona, na halikutupendeza. Katika nyumba mbili kaka alikuwa ameshika tunevisi, na dada ameitwa kuja kupangusa unga. Msichana anayeshona anajua kushika mkono usitetemeke, na kibao kile kinataka mkono wa namna hiyo. Tulimwomba mmoja ajaribu kutoboa. Matundu yake yalikuwa yamenyooka kuliko ya kaka yake, na kaka mwenyewe alisema hivyo.

Jumamosi ijayo, saa tisa, mafundi watakuja na kitoboleo kile. Kila mama mwenye taa ya sola iliyokufa ailete, hata kama imefunguliwa na vipande viko katika sashe. Tutaongea pia kama likelemba ya mwezi ujao inaweza kununua kipima joto cha tanuru, kiwe cha chama chote, kikae kwa mweka hazina. Wasichana waje na nywele zimefungwa, maana mota inazunguka mbio.